Filamu za miaka ya 1980 tulizotazama Bukavu, na zile ambazo hazikutufikia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunatundika shuka jeupe ukutani katika ukumbi wa parokia moja ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Congo, na kutazama filamu ya miaka ya 1980. Filamu ikiisha watu hawaondoki, wanauliza. Nimekuwa nikiandika maswali yao kwenye daftari, na mengi hurudi yale yale. Hapa nimeyapanga: ya msingi kwanza, ya pembeni mwishoni. Pale swali moja linapogusa jingine, nimeonyesha pa kwenda ili nisirudie.

## Mambo ya mwanzo

Kwa nini miaka ya 1980 na si mingine?

Ndiyo miaka sinema ilipoingia mitaani kwetu. Kabla ya hapo, mtu akitaka filamu alikwenda ukumbini mjini, au alisubiri padri aje na projekta. Kaseti za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Zilipotufikia, mtu mwenye televizio, deki na jenereta ndogo aliweza kugeuza sebule yake kuwa sinema. Watoto waliokuwa wakipenya chini ya pazia bila kulipa sasa ni watu wenye wajukuu. Mimi ni mmoja wao, na ninataka tuyazungumze haya tungali na watu wa kutusahihisha.

Mnaposema filamu "iliyosahauliwa", mna maana gani?

Wengi hudhani filamu husahaulika kwa kuwa ni mbaya. Mimi sikuona hivyo. Filamu hukumbukwa pale nakala yake ilipopata njia ya kufika. Rambo alipata njia: kaseti ilinakiliwa, ikanakiliwa tena, na ile ya mtaani kwetu Nyamugo ilifika kutoka Bujumbura ndani ya mfuko wa mfanyabiashara wa vikwembe, yaani vitenge. Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali ilipata Tuzo ya Jury kwenye tamasha la sinema la Cannes, Ufaransa, mwaka 1987, lakini hakuna mfanyabiashara wa vikwembe aliyeibeba. Kwa hiyo nikisema "iliyosahauliwa", mara nyingi nazungumzia filamu ambayo hatukupata hata nafasi ya kuisahau.

Watu walizitazamia wapi?

Mahali pengi palikuwa nyumba ya mtu. Pale Nyamugo ilikuwa sebule ya mbao, madirisha yamezibwa kwa blanketi, mabenchi mbele na wakubwa wakisimama nyuma. Mwenye video alikaa kando ya deki, kidole kwenye kitufe. Yeye ndiye aliyeamua tuone nini na turuke nini, na uamuzi wake umeathiri kumbukumbu zetu kuliko watu wanavyofikiri (soma swali la Rambo).

Kwa nini wazee wanasema filamu za Kihindi zilikuwa nyeusi na nyeupe, na leo tunaziona za rangi?

Wazee hawakosei, na filamu pia hazikosei. Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati ule, ilifuata mfumo wa rangi wa SECAM, sawa na Ufaransa. Kenya na Zanzibar zilifuata PAL. Ukiweka kaseti ya PAL kwenye televizio inayojua SECAM peke yake, picha inatoka, sauti inatoka, rangi haitoki.

Hivyo ndivyo nilivyoiona Disco Dancer ya mwaka 1982. Mithun Chakraborty anacheza chini ya taa za disko, na taa zote ni za kijivu. Tulikuwa tukibishana na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ni ipi nyekundu na ipi ya kijani. Yeye akishika moja, mimi nikishika nyingine. Nilipoiona kwa rangi nilikuwa tayari baba wa watoto watatu. Niliisimamisha na kurudi nyuma mara nyingi, nikimtafutia yaya yangu majibu. Yeye hakuwahi kuiona hivyo.

## Zilizojaza ukumbi

"Akteri" na "chef bandi" ni nani?

Akteri ni yule wa haki, chef bandi ni mkubwa wa wabaya. Tanzania wanamwita wa kwanza stelingi. Waigizaji wengine wote hawakuwa na cheo. Mtoto aliyeingia amechelewa aliuliza jambo moja tu: "Akteri ni nani?" Akishaonyeshwa, filamu nzima inajulikana, kwa sababu akteri hawezi kufa. Ndiyo maana filamu ambazo akteri alikufa mwishoni ziliwahi kuleta ugomvi na madai ya kurudishiwa pesa.

Bruce Lee alicheza filamu ngapi katika miaka ya 1980?

Hakuna hata moja. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Hata Game of Death, iliyotoka 1978, ilimaliziwa kwa watu waliofanana naye kwa sababu yeye alikuwa ameiacha njiani.

Wazee wengi hulikataa jibu hili, na ninawaelewa, kwani waliona kwa macho yao filamu mpya za "Bruce". Baada ya kifo chake watayarishaji walitafuta vijana wenye sura na mateke yanayokaribia yake, wakawapa majina ya kukaribiana: Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee. Kwenye karatasi ya kaseti iliyoandikwa kwa kalamu, nani angetofautisha Lee na Le? Mzee mmoja wa Bagira aliniambia habari ya kifo hicho ilimfikia akiwa ameshaona "Bruce" kumi na zaidi, na akaomboleza siku ile kana kwamba kimetokea jana yake.

Je, ni kweli kwamba katika filamu ya kwanza Rambo karibu hamuui mtu?

Ni kweli. Katika First Blood ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ted Kotcheff, anakufa mtu mmoja: polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta baada ya Rambo kuitupia jiwe. Maiti tunazozikumbuka ni za filamu ya pili ya mwaka 1985 na ya tatu ya mwaka 1988.

Ile ya kwanza ni habari ya askari aliyerudi kutoka Vietnam, akafika katika mji mdogo akitafuta chakula, na mkuu wa polisi akamwona kama uchafu wa kufagia. Mwishoni anaketi chini na kulia. Anasimulia jinsi mtoto wa kung'arisha viatu alivyokuja na sanduku lake, wakamkubalia, na sanduku lile lilikuwa na bomu. Rafiki yake akafia mikononi mwake.

Mimi sikuiona sehemu hiyo utotoni. Mwenye video alikuwa akibonyeza kupeleka mbele kila watu walipoanza kuongea kwa muda mrefu, maana wateja walilipia vita. Kwa hiyo kwetu Rambo hakulia kamwe. Tulipoionyesha nzima pale ukumbini, wakati wa sanduku la viatu kulikuwa kimya. Wapo pale watu waliotumika jeshini, wapo waliochukuliwa wakiwa watoto katika vita vyetu. Mmoja alitoka nje, akarudi baadaye, na swali lake lilikuwa hili: "Kwa nini mulitufichaka hii?" Nilimweleza habari ya kitufe. Ninaomba kila anayeikumbuka filamu hii kwa misuli yake aitazame tena mpaka mwisho.

Amitabh Bachchan alikaribia kufa kweli wakati wa Coolie?

Ndiyo. Julai 1982, huko Bangalore, India, wakipiga filamu hiyo, alipigwa ngumi katika tukio la kupigana na kuangukia kona ya meza. Akaumia vibaya tumboni na kulazwa muda mrefu. Filamu ilipotoka mwaka 1983, picha inasimama pale pale alipoumia na maandishi yanaeleza. Mwisho wake pia ulibadilishwa: mhusika wake aliyepangiwa kufa akaachwa hai. Wale wa "akteri hawezi kufa" walishinda.

Les dieux sont tombés sur la tête ilipigwa Congo?

Hapana. Ni filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 1980, ya Jamie Uys, na hadithi yake iko Kalahari. Yule anayebeba chupa ya Coca-Cola ni N!xau, Msan wa Namibia, aliyefariki mwaka 2003. Watu wanaipenda na mimi nilicheka sana. Lakini kila tunapoionyesha nakumbusha kwamba ilitengenezwa enzi za ubaguzi wa rangi, na kwamba inawaonyesha Wasan kama watu wasiojua dunia nyingine, wakati ambapo wao walikuwa wakinyang'anywa ardhi na wakiingizwa katika jeshi la Afrika Kusini.

## Filamu za Zaire

La vie est belle inahusu nini, na kwa nini kila mtu anaijua?

Kourou, mwanamuziki maskini, anatoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta bahati. Anaangukia kazi ya boi nyumbani kwa Nvouandou, mwenye klabu ya usiku. Anampenda msichana aitwaye Kabibi bila kujua kwamba bosi wake naye anamtaka. Nvouandou ana shida yake ya kiume, na mganga amemwambia aoe msichana ambaye hajaguswa, akae naye siku 30 bila kumgusa. Katika siku hizo 30 ndipo mambo yote yanapovurugika. Mke mkubwa, Mamou, si mtu wa kunyamaza, na sauti ya kina mama ukumbini kwetu hupanda kila anapoingia.

Ilitoka mwaka 1987, ikaongozwa na Mweze Ngangura pamoja na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Kourou ni Papa Wemba mwenyewe, na Pépé Kallé naye yumo. Hapo ndipo njia ya nakala ilipofunguka: filamu ilibebwa na muziki. Mtu ambaye asingetoa hata zaire moja, pesa yetu ya wakati ule, kwa filamu ya Kiafrika alitoa kwa Papa Wemba. Alipofariki jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, tuliombwa kuionyesha wiki tatu mfululizo.

Nimesikia mtunzi wake ni mtoto wa Bukavu. Ni kweli?

Ni kweli. Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Alisomea sinema Ubelgiji, akarudi kufundisha Kinshasa katika Institut National des Arts, kisha katikati ya miaka ya 1980 akahamia Ubelgiji. Filamu yake Pièces d'identités ya mwaka 1998 ilipata Étalon de Yennenga, tuzo kubwa ya FESPACO, tamasha la sinema za Kiafrika la Ouagadougou, mwaka 1999.

Vijana wakisikia haya hukaa wima. Wamezoea kuuona mji wao kwenye filamu kama mahali pa mateso yanayokuja kurekodiwa na wageni. Sielewi kwa nini jina hili halifundishwi katika shule zetu.

Kwa nini basi filamu zake za wakati ule ziko Kinshasa, na hakuna Kiswahili?

Kamera, maabara, televizio ya taifa na pesa vyote vilikuwa Kinshasa au Ulaya. Televizio ilikuwa ya serikali peke yake. La vie est belle inaongea Kifaransa na kuimba Kilingala. Kuleta kikosi cha sinema Bukavu kungemaanisha ndege kwa kila taa na kila fundi. Hilo halinipunguzii uchungu: muongo mzima, mji wa Kiswahili umezaa mtunzi mkubwa, na sisi hatukujisikia kwenye skrini hata sentensi moja. Kuhusu Kiswahili, tazama swali la Arusi ya Mariamu. Kuhusu Bushi, nchi ya Washi, tazama swali la Ngweshe.

Kuna ya Zaire iliyosahauliwa kabisa?

Kin-Kiesse ya mwaka 1982, pia ya Ngangura. Ni filamu fupi, chini ya nusu saa, na mchoraji Chéri Samba ndiye anayetutembeza Kinshasa. Haina akteri wala bandi. Haikuingia kwenye deki za mitaani, kwa kuwa hakuna aliyelipia filamu fupi. Anayetaka kuona watu wa Zaire walivyovaa na walivyotembea mwaka ule aanzie hapo.

## Zile ambazo hazikutufikia

Nianze na filamu gani ya Kiafrika ya muongo ule?

Yaaba ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, mwaka 1989. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu hii ndiyo iliyotikisa ukumbi wetu kuliko Rambo wote.

Mtoto mmoja, Bila, anamzoea bibi kizee anayeishi peke yake nje ya kijiji. Wanakijiji wanamwita mchawi. Bila anamwita Yaaba, yaani bibi, mama wa mzazi. Ni hayo tu. Hakuna anayepiga kelele, kamera haikimbii, jua linawaka juu ya ardhi nyekundu. Lakini sisi wa Kivu ya Kusini tunajua bibi kizee akiitwa mchawi nini hufuata. Tumeyaona kwa macho, wengine wameshiriki. Filamu ilipoisha, hakuna aliyeuliza swali. Kisha mama mmoja muuza ndizi wa soko la Kadutu akasema, "Ule mutoto alimupa tu jina," akakaa. Nimeandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Kisha tazama Camp de Thiaroye ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, 1988: askari Waafrika waliopigania Ufaransa, wakadai malipo yao, wakapigwa risasi karibu na Dakar tarehe 1 Desemba 1944. Ilipata tuzo maalumu ya jury Venice. Nakala yake iliyosafishwa upya ilionyeshwa Cannes mwaka 2024, basi hii imepata njia, ingawa imechelewa. Yeelen iwe ya tatu. Inahitaji utulivu, usiianze ukiwa na usingizi.

Kulikuwa na filamu ya Kiswahili?

Ndiyo, ya Tanzania. Arusi ya Mariamu, 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ina dakika 36. Mariamu anaumwa, hospitali haimponyi, na anawaogopa waganga wa jadi kwa sababu ya jambo lililompata utotoni. Iko pia Mama Tumaini ya Martin Mhando na Sigve Endresen, 1986. Ziwa Tanganyika tu ndilo linalotutenganisha na Tanzania, na hakuna mtu wa rika langu hapa aliyeniambia aliwahi kuziona wakati ule.

## Maswali ya pembeni

Gorilles dans la brume inaonyesha gorila wetu wa Kahuzi-Biega?

Hapana. Filamu hiyo ya mwaka 1988 ilipigwa Rwanda na inaonyesha gorila wa milimani wa Virunga. Wa Kahuzi-Biega ni gorila wa nyanda za mashariki, jamii nyingine. Lakini tunayo sehemu yetu: Dian Fossey, mtafiti wa gorila ambaye filamu inamhusu, alianzia kazi upande wa Congo, Kabara, chini ya mlima Mikeno, mwaka 1967, akaondoka mwaka huo huo kwa sababu ya vurugu na kufungua Karisoke upande wa Rwanda. Mwezi wa nane wa mwaka ule mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji wa Bukavu. Wazee wanaokumbuka hayo hawahitaji filamu.

Filamu ya Ngangura kuhusu Ngweshe ni ya miaka ya 1980?

Hapana. Le roi, la vache et le bananier ni ya mwaka 1994. Tunaionyesha hata hivyo, mara moja kwa mwaka, kwa kuwa ndani yake mtunzi anarudi nyumbani, Bushi, kwenye ufalme wa Ngweshe, na watu wa Walungu huja wakitafuta nyuso za ndugu zao.

Nyimbo nazikumbuka, jina la filamu silikumbuki. Mtanisaidia?

Njoo uimbe. Sifanyi mzaha, hivyo ndivyo tumezitambua nyingi. Usitegemee jina lililoandikwa kwenye kaseti. Mara nyingi lilikuwa jina alilobuni mwenye video.

Kaseti zetu zilipotea vitani. Kuna faida kutafuta?

Ipo. Nyumba nyingi ziliporwa Oktoba 1996, na televizio na deki ndizo zilizobebwa kwanza. Kaseti bila deki haina kazi kwa mporaji, kwa hiyo zilibaki chini ya vitanda na juu ya dari. Tafuta huko.

Nimeipata, ina unga mweupe ndani. Naweza kuiweka kwenye deki?

Usiiweke. Huo ni ukungu, na unyevu wa ziwa letu unaupenda mkanda. Ukiiingiza, ukungu utapaka kichwa cha deki na kuhamia kaseti nyingine zote. Mwaka mmoja nilimpa fundi kaseti ya harusi ya wazazi wangu. Akaitia kwenye deki bila kuitazama, na mkanda ukakatika vipande. Sijaisahau sauti ile.

Sisi tunafanya hivi. Kaseti inakaa siku kadhaa mahali pakavu, mbali na jua. Kisha tunaigeuza na kufungua skrubu tano za chini, tunainua kifuniko taratibu ili chemchemi ndogo zisiruke, na tunachora jinsi mkanda unavyopita kabla ya kugusa chochote. Ukungu mkavu tunaufuta kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, tukizungusha kwa mkono, nje ya nyumba na tukiwa tumefunika pua. Magurudumu mawili yenye mkanda tunayahamishia kwenye ganda safi. Tunaicheza mara moja tu, na mara hiyo hiyo kompyuta inarekodi.

Niilete vipi?

Ije imesimama, ndani ya mfuko wa karatasi, si plastiki. Usibandue karatasi yenye mwandiko hata kama jina si sahihi. Andika jina lako na mtaa wako kwenye karatasi nyingine, uiweke kando ya kaseti. Ukikumbuka uliitazamia kwa nani, na nani alikuwa ameketi karibu nawe, andika na hilo.